Dada wa Bonyokwa, usiuze kwanza, tafuta maji yanapoenda

Swali la huyu dada kwa ufupi ni hili. Amejenga Bonyokwa, hapa Dar es Salaam, kwenye mteremko, nyuma ya nyumba kuna korongo refu kama ghorofa mbili, na kutoka ukuta wa nyuma mpaka ukingoni ni hatua kumi na mbili hivi. Masika hii ardhi imechanika hatua tatu kutoka ukingoni, ufa mrefu unaokwenda sambamba na korongo. Kwa jirani yake nako mvua ilipokatika likatokea shimo la duara katikati ya uwanja, mtu mzima anazama mpaka kifuani. Kwenye grupu la mtaa mmoja anasema chini ya Dar kuna mapango kama ya Amboni, mwingine anasema yaliyotokea Hanang yanakuja huku. Mume anataka wauze, na dada mwenyewe alikuwa anajiandaa kuchimba karo jipya la choo na kujenga vyumba viwili vya wapangaji hapohapo nyuma. Anauliza afanyeje.

Dada yangu, pole sana, maana kulala huku unasikilizia nyumba kila mvua ikinyesha sio kulala. Nimesoma ulichoandika na nikwambie moja kwa moja, hapo kwako kuna mambo mawili tofauti ambayo grupu limeyafanya kitu kimoja. Ufa ni habari ya mteremko unaotaka kushuka. Shimo la jirani ni habari ya udongo unaohamishwa chini kwa chini. Yanakutana kwenye maji, na ndo maana kila nitakachosema hapa kitakurudisha kwenye swali lilelile, maji ya hapo kwenu yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Usipolijua hilo hata ukimwaga zege la mamilioni unaweza ukaliona likiondoka na mteremko.

Tuanze na Hanang maana ndo inayowatisha watu. Tarehe 3 Desemba 2023, asubuhi, Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi walishukiwa na tope lililobeba mawe na magogo, wakafa watu zaidi ya 80. Wengi walidhani volkano imeamka kwa sababu Hanang kweli ni mlima wa volkano ya zamani, lakini haikuwa volkano, ni mvua kubwa iliyolowanisha sehemu ya mlima yenye miamba laini ikakatika, ikaingia kwenye mikondo ya maji na kukokota kila ilichokikuta njiani. Walioumia zaidi hawakuwa wanaishi juu kule kulikokatika, walikuwa chini kwenye tambarare, kwenye njia ambayo tope lilipita. Sasa aina hiyo ya maporomoko inataka mlima mrefu, na Hanang inazidi mita 3,400. Dar hatuna mlima wa namna hiyo, vilima vyetu vya Pugu na Kisarawe ni vifupi mno. Kwa hiyo anayesema Hanang inakuja Bonyokwa mwambie hapana, huku shida yetu ni nyingine.

Ila kuna mfano mmoja ambao mimi huwa nauwaza nikipita huko Kimara na Goba, nao ni Freetown, Sierra Leone. Mji wa pwani kama sisi, watu wamepanda vilimani kwa sababu bondeni kumejaa, miti imekatwa, njia za maji zimebanwa na nyumba, halafu tarehe 14 Agosti 2017 baada ya mvua za mfululizo kilima cha eneo la Regent kikakatika alfajiri, waliokufa na waliopotea wakapita elfu moja. Vilima vyao ni virefu na vina mteremko mkali kuliko vyetu, sisemi idadi itakuwa ile, nasema yale yaliyosababisha, sisi tunayafanya kila siku na tunayaita maendeleo.

Sasa udongo wenu. Kuanzia Pugu, Kinyerezi, Bonyokwa, Kimara mpaka Mbezi, sehemu kubwa ni mchanga ulioshikanishwa na mfinyanzi, ule mwekundumwekundu. Udongo huu unadanganya sana. Ukiwa mkavu ni mgumu kiasi kwamba fundi anaukata wima kwa sururu na unasimama hivyo miaka, mtu anaamini amejenga juu ya mwamba. Ukilowa sawasawa unaachia. Chukulia lundo la mchanga pale saiti: mkavu kabisa unajimwaga wenyewe, ukinyunyizia maji kidogo unasimama hata ukiukata kwa sepetu, ukiendelea kumwaga maji unafika mahali unatiririka. Mchanga ni uleule. Maji yakiwa kidogo yanazivuta chembe zishikane, yakijaa yanazisukuma ziachane, na ule msuguano uliokuwa unashikilia kila kitu unapungua. Halafu maji yenyewe ni mzigo, mita moja ya ujazo ni tani nzima, kwa hiyo mteremko uliolowa umeongezewa uzito wakati uleule uliopunguziwa nguvu.

Huo ufa wako basi. Ufa wa kwenye plasta, mwembamba kama unywele, mara nyingi ni saruji imekauka vibaya, usikunyime usingizi. Ufa wa ukutani unaoanzia kona ya dirisha na kupanda kwa ngazingazi kufuata matofali unamaanisha msingi unakaa vibaya upande mmoja, huo unahitaji injinia ila hauui usiku mmoja. Ufa wa ardhini unaokwenda sambamba na ukingo wa korongo ni jambo lingine kabisa. Huo unakwambia kipande cha nje kimeshaanza safari, kimejitenga na kilichobaki, kinashikiliwa na sehemu ya chini tu. Na mvua ikijaza ufa, maji yanasukuma kwa pembeni kuelekea korongoni, kadiri ufa unavyozidi kina ndo msukumo unavyozidi. Kwa hiyo kabla ya kumtafuta mtaalamu yeyote, leo, uzibe. Tumia udongo wa mfinyanzi uliokandwa, ushindilie vizuri kwa kipande cha mti, juu uache kimgongo kidogo ili maji yakimbie, halafu tandika turubai au nailoni nzito na uibane kwa mawe madogo. Usizibe kwa zege, zege halinyumbuliki, litapasuka pembeni na maji yatapita palepale.

Ukimaliza pigilia vigingi viwili vya chuma, kimoja upande huu wa ufa na kingine upande wa pili, pima kwa futi kamba umbali kati yao na uandike kwenye daftari pamoja na tarehe na saa, na urudie kila baada ya mvua. Watu wanadharau hili jambo kwa sababu halina gharama, lakini kwangu mimi daftari hilo lina thamani kuliko maneno ya watu ishirini kwenye grupu. Umbali ukibaki uleule masika nzima tunaongea taratibu. Ukiongezeka, na hasa ukiongezeka haraka kuliko mara iliyopita, hatuongei tena habari ya kupima.

Na usidanganywe na jua. Kingo nyingi za korongo na mito hazianguki mvua ikiwa inapiga, zinaanguka baada ya maji kushuka, hata kesho yake watu wameshaanika nguo. Maji yakiwa yamejaa korongoni yanaubana ukuta wa udongo kutoka nje, yakishuka ghafla ule msaada umeondoka lakini ndani ya udongo maji bado yamo, hayajapata muda wa kutoka. Ndo hapo unaposikia nyumba imekwenda na mvua imeshaacha tangu jana. Kwa hiyo ukihama kwa sababu ya mvua kubwa usirudi jioni ileile kwa kuwa kumekauka.

Umbali sasa. Hatua zako kumi na mbili ni kama mita tisa, korongo la ghorofa mbili ni kama mita sita. Kwa udongo wetu huu mimi naanza na hesabu nyepesi, nyumba isiwe karibu na ukingo kuliko urefu wa korongo mara mbili, ambapo kwako ingekuwa mita kumi na mbili. Uko ndani ya eneo la hatari, sio sana lakini umo, na huo ufa umeshakunyang'anya zile hatua tatu za mwanzo. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inaweka mita 60 kutoka kingo za mto kwa shughuli za kudumu, ambayo kwa Dar ilivyopimwa na kuuzwa watu wengi wamejenga ndani ya mita hizo, naelewa, walinunua kwa hati ya mauziano ya serikali ya mtaa na wakapewa mkono wa heri. Sikuandikii ili nikulaumu, nataka ujue ulipo.

Jiulize pia kwa nini korongo linakua, maana nina uhakika wazee wa hapo watakwambia zamani lilikuwa mtaro wa kuruka. Kule juu zamani mvua ilikuwa inazama kwenye vichaka na mashamba ya mihogo, sasa hivi ni mabati, pevingi na barabara, maji yote yanashuka kwa mpigo. Vijana nao wanachimba mchanga wa kujengea chini korongoni, na kila wakishusha sakafu ya korongo wanakuongezea wewe urefu wa ukuta na kuunyima mguu wa kusimamia. Naijua njaa inayowapeleka pale, ila hili lipeleke kwa mwenyekiti wa mtaa na manispaa kama mtaa mzima, sio wewe peke yako, kwa sababu wakihamishwa kutoka kwako watakwenda kuchimba kwa mwenzako mita mia chini. Kujaza kifusi na taka korongoni nako ni hivyohivyo, maji yanahamia ukingo wa ng'ambo na jirani anabaki kushangaa.

Tuje kwenye shimo. Mapango ya kweli yanatokea kwenye mwamba wa chokaa. Mvua inachukua hewa ya ukaa angani na zaidi kwenye udongo, inakuwa tindikali dhaifu, inapita kwenye nyufa za mwamba na kuuyeyusha kidogokidogo kwa maelfu ya miaka, ndo tukapata Amboni kule Tanga, mapango ya Wamatumbi kule Kilwa, na Mangapwani pale Unguja. Kwa Dar mwamba wa namna hiyo uko upande wa baharini, yale mawe ya matumbawe ya Oysterbay na Msasani, na kilima cha Wazo ambako wanachimba malighafi ya saruji. Bonyokwa hauko juu ya hicho kitu. Mchanga na mfinyanzi hauyeyuki kwenye maji. Habari ya mapango iondoe kichwani.

Lakini shimo halihitaji pango. Linahitaji udongo unaochukulika, maji yanayotembea, na mahali pa kuupeleka huo udongo, na hili la tatu ndo watu hawaliulizi kabisa. Udongo wa lile shimo la kifuani umekwenda mahali. Guatemala City mwishoni mwa Mei 2010 lilifunguka shimo lenye upana wa karibu mita 20 likameza jengo la ghorofa tatu, na mji ule haukai juu ya chokaa, unakaa juu ya majivu laini ya volkano. Maji ya mabomba ya chini ya ardhi yalikuwa yakivuja na kula ndani kwa muda mrefu bila mtu kuona, mvua za dhoruba ya kitropiki Agatha zikamalizia. Juu kunabaki kama dari, dari linazidi kuwa jembamba, siku moja linakata. Ndo maana mashimo haya yanaonekana ya ghafla wakati kazi ilianza zamani.

Hata kuondoa maji kunaweza kufungua shimo. Afrika Kusini, magharibi mwa Johannesburg, migodi ya dhahabu ilivuta maji ya chini ili wachimbe pakavu, pale mwamba ni dolomaiti, ndugu wa chokaa, ambao una matundu makubwa, maji yaliposhuka udongo uliokuwa juu ya yale matundu ukaanza kudondokea ndani, na Desemba 1962 jengo zima la kusagia mawe kwenye mgodi wa West Driefontein likatitia na wafanyakazi 29. Hilo nalisema kwa ajili ya wasomaji wa kwenye miamba ya chokaa wanaochimba visima virefu bila kumuuliza mtu, kwako wewe halihusu.

Kwa jirani yako mimi nadhania vitu viwili. Cha kwanza na ndo ninachokipa nafasi kubwa, choo cha shimo cha zamani. Viwanja vingi vya huku vimepita mikono mitatu minne, mwenye nyumba wa kwanza alichimba choo, kikajaa, akatupia takataka, akaweka mabati na magogo juu, akafukia na akauza. Mbao zinaoza, taka zinashuka, masika moja inatosha. Duara safi katikati ya uwanja linafanana sana na hilo. Waulize majirani wa siku nyingi choo kilikuwa wapi, jibu linapatikana ndani ya dakika tano. Cha pili ni bomba au karo linalovuja, na maji yakapata njia ya chini mpaka ukuta wa korongo, yanatoka na mchanga. Shuka na mtu mzima mwingine siku kavu, upande wa ng'ambo wa korongo sio chini ya ukingo wako, muangalie ukuta wa upande wenu. Mkiona tundu lenye unyevu wakati pengine pote pamekauka, na chini yake kuna mchanga safi umemwagika kama ulichekechwa, mmeshapata mlango wa kutokea. Kwa upande wa bomba, funga koki zote za nyumba usiku uangalie mita, ikiendelea kuzunguka kuna maji yanapotea chini.

Mwambie jirani azungushie kamba na miti mbali kidogo na mdomo wa shimo, kwa sababu mashimo haya ndani huwa mapana kuliko juu. Na mtu yeyote asiingie. Kama kilikuwa choo, chini kuna hewa mbaya isiyo na oksijeni ya kutosha, anaingia mmoja anazimia, anamfuata wa kumuokoa, na yeye anabaki humo. Kumwaga kifusi tu juujuu pia hakusaidii, kitashuka tena. Inatakiwa kwanza maji yazuiwe, shimo lipanuliwe kutokea juu mpaka udongo imara, yawekwe mawe makubwa chini, kokoto, halafu udongo unaoshindiliwa tabaka kwa tabaka, na juu mfinyanzi wenye mgongo ili maji yasisimame.

Kwako sasa, lile karo jipya na vyumba vya wapangaji sahau kabisa hapo nyuma. Karo na shimo lake la kunyonyea maji machafu karibu na ukingo ni sawa na kumwagilia mteremko kila siku hata kiangazi, na vyumba ni mzigo juu ya kipande ambacho kimeshaanza kuachia. Kama karo unalotumia sasa liko nyuma, pesa ya vyumba itumie kulihamishia mbele upande wa barabara. Weka gata paa lote, maji yaingie tangini, na ya ziada yateremshwe kwa bomba mpaka sakafu ya korongo na pale yakutane na mawe, usiyaachie ukingoni maana yatakula hapohapo. Migomba ya ukingoni ing'oe, mizizi yake ni ya juujuu na mnaimwagilia. Panda majani ya vetiva kwa mistari inayokata mteremko, mizizi yake inakwenda chini mita mbili tatu na inashika udongo wa juu vizuri, ila usiitegemee kuzuia kipande kikubwa kilichokatika kwa ndani, haiwezi.

Fundi atakuja na wazo la ukuta. Ukuta wa mawe unaweza kuwa jibu kweli, ila nimeona nyingi zimelala kifudifudi kwa sababu moja, nyuma yake hakuna kokoto na mbele hakuna matundu ya kutolea maji, kwa hiyo umejenga bwawa. Viroba vya mchanga na matairi ni vya kununulia muda wa msimu mmoja, sio vya kujengea maisha. Kwa ukuta wa mita sita usimwachie fundi peke yake, tafuta mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na mwambie apime udongo kabla ya kuchora chochote.

Kuuza? Mwambie shemeji asubiri daftari. Ukiuza leo kwa haraka utauza kwa hasara au utauza kwa mtu ambaye hujamwambia ukweli, na ataleta watoto wake kulala kwenye hicho chumba cha nyuma. Mkishadhibiti maji na vigingi visisogee mpaka masika ijayo, mna nyumba ya kukaa. Vikisogea, hasara ni ya nyumba, mhame na mbomoe wenyewe muokoe mabati, milango na nondo.

Kwa sasa chumba cha nyuma kisilaliwe mvua kubwa zikitangazwa, fuatilieni taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Usiku wa mvua mkisikia udongo unadondoka korongoni mfululizo, au mlango uliokuwa unafunga vizuri unagoma ghafla, au fensi ya nyuma imelala, au maji ya tope yanabubujika chini ya mteremko mahali hayakuwepo, msikae kujadiliana. Watoto na wazee kwanza, tokeni kwa mlango wa mbele kwenda upande wa barabara, mtu asizunguke nyuma na tochi kuangalia, wagongeeni majirani wa ukingo uleule, na zimamoto ni 114.